Tuandike Daftari, Tumjue Chuma Ulete

Makamanda, kila mwenye genge, kibanda cha chipsi au duka la mangi anamjua chuma ulete. Umeuza tangu alfajiri, wateja hawakukatika, mkono umechoka kurudisha chenji. Jioni unamwaga hela mezani, unahesabu, hazifiki hata zile ulizonunulia mzigo. Hapo ndipo shughuli inapoanza. Huyu anaweka ndimu kwenye droo, yule anaweka kitabu cha dini, mwingine anamkumbuka kwa jicho la pembeni yule mteja wa asubuhi aliyetoa noti ya elfu kumi kununua kiberiti. Hela imetembea na imewachukua wenzake.

Mimi nasema chuma ulete yupo, tena si mmoja. Ninachopishana na wale wa ndimu ni kimoja tu: mimi nataka aandikwe jina.

Watawala nao wana maelezo yao. Wao wanasema nyinyi wafanyabiashara wadogo hamna elimu ya fedha. Wizara inazunguka mikoani, halmashauri zinaita semina, mgeni rasmi anafika saa nne kwa shughuli ya saa mbili, anawaambia kina mama wa soko watenganishe hela ya biashara na hela ya nyumbani, waweke akiba, wasikope ovyo. Makofi, picha ya pamoja, soda, kwaheri. Kesho yake mgambo yuleyule anapita kukusanya ushuru, na yule mama aliyepigwa picha anatoa bila kuandika popote, kwa sababu semina ilimfundisha neno "bajeti" lakini haikumfundisha kuhesabu anachochukuliwa.

Somo lenyewe sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na mwalimu.

Tuwe wakweli kwanza, maana chama kinachowadanganya watu wake kwamba hawana kasoro hakina tofauti na hao. Wengi wetu tunafanya biashara kichwani. Hela ya mauzo, ya vocha, ya mchezo wa kijumbe na ya ada ya mtoto zote zinalala mfuko mmoja. Mtoto akiumwa usiku, hela ya mzigo inakwenda dispensari, na asubuhi hakuna mzigo. Jirani anakopa kilo ya sukari kwa maneno, anakopa tena, na deni linaishi kwenye kumbukumbu ya mwenye duka mpaka siku wanapogombana kuhusu kitu kingine kabisa. Nyumba nzima inakula unga wa dukani na hakuna anayeuandika, halafu mwisho wa mwezi tunashangaa. Na lililo kubwa kuliko yote: hakuna anayejilipa. Mama anaamka saa tisa usiku kwenda sokoni, anarudi nyumbani saa mbili usiku, kazi ya saa kumi na saba, na akiulizwa gharama za biashara yake anataja mchele, mafuta na mkaa. Yeye mwenyewe hayumo kwenye hesabu.

Hayo yote ni kweli, na anayeyasema hajakosea. Lakini hebu tumchukue mama huyohuyo tumfanyie hesabu kamili, ile ambayo mgeni rasmi haifanyi.

Tuseme anauza sahani 20 za wali kwa siku, kila sahani shilingi 1,500. Hiyo ni 30,000. Vyakula vinakula 17,000, mkaa 3,000, maji 1,000, binti anayemsaidia 3,000, ushuru 500, nauli ya mzigo 500. Jumla 25,000. Kinachobaki ni 5,000, na hiyo ni siku ambayo mvua haikunyesha na hakuna sahani iliyorudi na chakula. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi anabaki na 130,000. Kwa mwaka ni 1,560,000. Huo ndio mshahara wake, ingawa hauiti hivyo.

Sasa mauzo yake. Elfu thelathini mara siku 312 ni shilingi 9,360,000 kwa mwaka. Shikeni hiyo namba, kwa sababu ndiyo TRA wanayoitazama. Mfanyabiashara mdogo wa nchi hii hatozwi kodi kwa faida, anatozwa kwa mauzo. Kwa jedwali lililowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 asiyetunza kumbukumbu anadaiwa 250,000 kwa mwaka. Anayetunza kumbukumbu anadaiwa 90,000 na kuongeza asilimia 3 ya kila kilichozidi milioni 7. Kwa mama wetu hiyo ni 90,000 jumlisha 70,800, yaani 160,800.

Kwa hiyo daftari la kaunta la buku mbili linamwokolea 89,200. Ni faida yake ya siku kumi na saba na zaidi. Swali langu kwa waliowahi kukaa kwenye semina hizo: nani aliwahi kuwaambia hivyo? Mliambiwa mtunze kumbukumbu "ili mkue", "ili mkopesheke", "ili mrasimishwe". Mliambiwa lini kwamba sheria yenyewe inawatoza wasio na daftari zaidi, na zaidi kwa kiasi gani? Hiyo ndiyo elimu ya fedha. Hizo nyingine ni mahubiri.

Lakini tusiishie hapo, hesabu haijaisha. Mchukue kijana aliyeajiriwa kwa mshahara wa 130,000 kwa mwezi, kipato kilekile cha mama wetu. Kodi ya mshahara wake ni sifuri. Mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato, na ni sawa kabisa, wala hatusemi utozwe. Mama lishe mwenye kipato hichohicho, akiwa na daftari safi, anadaiwa 160,800. Ili mwajiriwa akatwe kiasi hicho kwa mwaka lazima awe na mshahara wa kama 437,000 kwa mwezi. Na mama akikosa daftari, akadaiwa ile 250,000, basi analipa sawa na mwajiriwa wa zaidi ya laki tano kwa mwezi. Karibu miezi miwili ya jasho lake inakwenda kwenye kodi moja tu, kabla hatujagusa leseni, kabla hatujagusa ule ushuru wa kila siku.

Mtaniambia wengi wa kina mama hawa TRA hawajawafikia. Ni kweli, wapo wengi wasio na TIN. Lakini hebu fikirieni maana yake. Sheria imeandikwa hivi kwamba mtu mdogo anasalimika kwa kujificha, halafu haohao walioiandika wanamlaumu kwa kujificha. Akiibuka, akaenda benki, akaomba mkopo, akasajili jina la biashara, ndipo hesabu hiyo inamkuta. Nani mwenye akili timamu atamshauri aibuke?

Mtaniambia tena kuna kitambulisho cha mjasiriamali. Kilianza Desemba 2018, shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Gawanyeni milioni 4 kwa siku 365. Mnapata kama 11,000 kwa siku. Mauzo, siyo faida. Anayeuza karanga na pipi kwenye sinia pale stendi anavuka kiwango hicho siku ya kawaida tu. Kitambulisho kilipokelewa kwa shangwe kwa sababu kilimzuia mgambo kwa muda, na mimi simlaumu aliyekishangilia. Aliyekipangia kiwango ndiye ambaye sidhani aliwahi kuuza chochote.

Huyo ni chuma ulete wa kwanza. Ana ofisi, ana kiyoyozi, na anaandikika.

Wa pili alikuja kupitia simu. Julai 15, 2021 tozo ya miamala ilianza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya makato ya kampuni za simu. Kelele zilipigwa nchi nzima, Septemba wakapunguza asilimia 30, mwaka uliofuata wakapunguza tena. Watu wanakumbuka hasira ya hela iliyokatwa. Mimi nawakumbusha hasara nyingine ambayo haikuzungumzwa sana: walituvunjia daftari.

Fikirieni. Utafiti wa FinScope wa 2023 unasema watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha wamefika asilimia 76, kutoka 65 mwaka 2017. Kilichowaleta wengi huko ni simu iliyomo mfukoni. Muuza mitumba ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja alikuwa na rekodi bila kujua: kila mteja aliyelipa kwa simu, kila mzigo uliolipiwa Kariakoo au Manzese, tarehe na kiasi, vyote vimo. Ilikuwa mwanzo wa mahesabu ambayo hata benki ingeweza kuyasoma. Serikali yenye akili ya biashara ingemlipa mtu huyo aendelee. Ya kwetu ikaweka tozo pale pale. Watu wakafanya nini? Wakarudi kwenye noti. "Nipe keshi, bosi." Mwalimu wa semina aliyesema tutunze kumbukumbu ndiye huyohuyo aliyezitoza kodi kumbukumbu zetu.

Chuma ulete wa tatu mnamjua kwa jina alilopewa na wananchi wenyewe, kausha damu. Hapa naomba muda kidogo, kwa sababu hapa ndipo kutojua hesabu kunapoua kweli.

Chukueni mfano wa mkopo wa laki mbili. Inakatwa ada ya fomu 20,000, unapewa mkononi 180,000. Marejesho ni 10,000 kila siku kwa siku 26. Unaambiwa riba ni asilimia 30, na inasikika kama namba ya kuvumilika. Sasa hesabuni: umepokea 180,000, umerudisha 260,000. Gharama ni 80,000, na 80,000 juu ya 180,000 ni asilimia 44 kwa chini ya mwezi mmoja. Bado hatujafika. Hela yenyewe hukukaa nayo mwezi mzima, kwa sababu kesho yake tu ulianza kuirudisha. Kwa wastani ulikuwa umeshika kama nusu ya mkopo. Kwa hiyo gharama halisi ni karibu mara mbili ya hiyo 44. Mfanyabiashara anayebaki na 5,000 kwa siku anatakiwa kurejesha 10,000 kwa siku. Anayetoa hiyo tano nyingine ni mtaji. Kila siku anaula mtaji wake kwa mkono wake mwenyewe ili amlipe mtu mwingine, na siku ya ishirini anakwenda kukopa kwa wa pili amlipe wa kwanza. Halafu wanakuja kubeba jiko, godoro na televisheni mbele ya watoto.

Je, nchi haina sheria? Inayo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya 2018. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana. Asilimia 3.5! Wekeni namba hiyo kando ya hesabu tuliyoifanya. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zinazofanya kazi bila leseni, na hilo tunalipokea. Lakini kausha damu wa mtaani hana programu. Ana pikipiki, kitabu cha marejesho na kibanda chenye bango kubwa kuliko la ofisi ya mtendaji wa kata. Wanapishana na mtendaji kila asubuhi na wanasalimiana.

Na kwa nini mama akakopa huko? Hapa wapenzi wa semina wananyamaza. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A kilichoongezwa 2018, inaagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo bila riba, kwa sheria, kutoka kwenye hela ambayo wafanyabiashara haohao wameilipa kama ushuru. Wameufanya nini? CAG alikuta vikundi hewa, alikuta mabilioni yasiyorejeshwa. Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo yote nchi nzima, ikakaa zaidi ya mwaka ndipo ikaanza kuirudisha. Wezi walikuwa wachache, tena wenye majina na mihuri. Adhabu wakapewa kina mama wote wa soko. Katika huo mwaka mzima mahitaji ya mtaji hayakusimamishwa, mizigo haikusimamishwa, ada za shule hazikusimamishwa. Watu walikwenda walikopata, na tumeshaona walikopata kuna nini.

Tena nawaomba makamanda tusiingie mtego wa kusema "kausha damu ni wanyama" tukaishia hapo. Ni wafanyabiashara waliokuta pengo. Pengo lilichimbwa na mtu.

Kuna wa nne, huyu simwongelei sana kwa sababu mmemuona wenyewe. Oktoba 2021 wamachinga wa Dar es Salaam waliondolewa barabarani. Sina shida na jiji kupangwa. Lakini mwenye kibanda, hata angekuwa na shahada ya uhasibu, angeandika wapi kwenye daftari lake siku ambayo meza inavunjwa, wateja wa miaka minane wanapotea na eneo jipya halina mpita njia? Biashara ndogo inaishi kwa mahali. Ukimhamisha mtu mita mia tano umemfilisi, na hakuna semina ya akiba inayolifidia hilo.

Kama tatizo lingekuwa elimu tu, Kariakoo isingefunga maduka. Mei 2023 walifunga, mpaka Waziri Mkuu akaja kukaa nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Wale si watu wa kuhesabia vidole. Wana wahasibu, wana mashine za EFD, wanaagiza makontena kutoka Guangzhou na wanajua kiwango cha dola kabla ya redio kutangaza. Na bado kilio chao kilikuwa hikihiki: makadirio yasiyoeleweka, kikosi kazi cha kodi, mteja wa mkoani anakamatwa na mzigo wake nje ya duka. Elimu ya fedha wanayo ya kutosha. Ndiyo maana walijua saa ngapi ya kufunga.

Na sasa tumtazame mwalimu mwenyewe. Anayetufundisha tutenganishe hela ya biashara na ya nyumbani, yeye anatunzaje duka lake?

Ripoti ya CAG ya 2022/23 inasema ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64, kutoka bilioni 35.24 mwaka uliotangulia. Mangi wa mtaani akipata hasara miaka miwili mfululizo, na ya pili kubwa kuliko ya kwanza, anafunga duka au anabadilisha bidhaa. Hawa walijibu kwa kutueleza kwamba ndege ni fahari ya taifa. Sawa, fahari. Basi na mama lishe aruhusiwe kuandika fahari kwenye safu ya faida, tuone kama afisa wa TRA ataikubali.

Halafu kumbukeni mambo ya Profesa Assad. CAG wa nchi, mtu ambaye kazi yake ni kusema duka lina pengo kiasi gani. Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi kwa sababu alitamka neno "udhaifu". Novemba mwaka huohuo akaondolewa. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kule kulivunja Katiba. Mwenye duka anayemfukuza mtunza vitabu kwa sababu ametaja pengo, sisi mtaani tunajua tumwiteje. Anakuja kutufundisha uwazi wa mahesabu?

Kwa hiyo nini, tukatae elimu ya fedha? Hapana jamani. Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzetu ambao kila semina wanaiona ya CCM na kila daftari wanaliona la TRA. Kuna kijana mmoja wa kwetu aliniambia kuandika mauzo ni "kujichoma". Nimemwelewa, lakini hapana. Asiyeandika hawezi kuthibitisha chochote. Afisa akimwambia mauzo yako ni milioni 10, atajibu na nini? Kausha damu akimwambia bado unadaiwa marejesho manne, atajibu na nini? Diwani akimwambia ushuru haujapanda, atamwonyesha nini? Chuma ulete anampenda mtu wa kichwani. Ndimu haimsumbui, wino unamsumbua.

Tunachokataa ni elimu ya fedha inayoanza na kuishia kwa maskini. Madai yetu yawe na namba. Mfanyabiashara mdogo atozwe kwa faida, na kipato ambacho hakitozwi kwa mwajiriwa kisitozwe kwake: 270,000 kwa mwezi ni 3,240,000 kwa mwaka, basi faida isiyofika hapo isiguswe. Daftari la kawaida la mkono, lenye tarehe na safu zinazoeleweka, lipokelewe kama kumbukumbu bila afisa kuwa na hiari ya kulikunja na kulirudisha. Ushuru wa soko utolewe risiti kila siku, hata kama ni jero. Ukomo wa asilimia 3.5 usimamiwe mpaka kwenye kibanda cha mwisho cha mtaa wa mwisho, na kila halmashauri ibandike kwenye mbao za matangazo za kata majina ya vikundi vilivyopewa ile asilimia 10, kiasi walichopewa na kiasi walichorudisha. Kama wana vikundi halisi hawana cha kuficha.

Na hatusubiri waturuhusu. Bajeti inasomwa Juni. Kabla ya hapo nataka kila tawi letu lenye soko, stendi au mtaa wa biashara lipate watu kumi wa kuanzia, waandike siku 30 mfululizo. Safu ni tano tu: mauzo, manunuzi ya mzigo na gharama za kuendesha, hela iliyotoka kwenda nyumbani, ushuru na kodi, marejesho ya mikopo. Deni la mteja liandikwe ukurasa wa nyuma, likilipwa lihamie mbele. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wa shule jioni, dakika kumi zinatosha. Vijana wetu wenye diploma za uhasibu waliokaa nyumbani wanalalamika ajira, hii ndiyo kazi yao ya kwanza, hailipi lakini inahitaji kufanywa. Wapite kila Jumamosi kujumlisha.

Majina ya watu yasiletwe, wala namba za simu. Leteni aina ya biashara, kata, na jumla ya kila safu. Hizo karatasi tutazikusanya, wabunge na madiwani wetu watakwenda nazo, na Waziri atakaposimama kusema wafanyabiashara wadogo hawana elimu ya fedha, asomewe safu ya nne na ya tano.

Kwa wale wanaoona haya kumwomba mama wa watu awaonyeshe hesabu zake, msianze na yeye. Anzeni na zenu: bodaboda, kioski cha vocha, saluni, kibanda cha chipsi. Daftari linunuliwe leo.